Mkamwana wa Redioni

Kwa miezi karibu minane nilimwonea wivu mwanamke ambaye hakuwepo duniani. Alikuwa mkamwana katika mchezo wa redio uliotangazwa kila Jumatano jioni kutoka Dar es Salaam, miaka ya hamsini ikielekea mwisho. Mchezo ulihusu nyumba moja ya wakulima: mzee mkali, mke wake mwenye maneno machache, kijana wao aliyekwenda kukata mkonge, na mke wa kijana huyo aliyebaki na wakwe zake. Mkamwana huyo alitaka kwenda kusomea ukunga. Mzee hakutaka.

Mimi nami nilikuwa mkamwana, mlimani juu ya Mbalizi, karibu na Mbeya, mume wangu akiwa kwenye migodi ya shaba Rhodesia ya Kaskazini. Misheni moja ya Iringa ilikuwa imenipa nafasi katika mafunzo ya wanawake, nijifunze kufundisha watoto kusoma na dini. Mwalimu wa kike wa huko aliandika kwamba nafasi yangu ingeningoja mpaka mwisho wa wiki ya kwanza baada ya Pasaka, si zaidi. Mume wangu alituma mstari mmoja: "Baba akikubali, nami nimekubali." Basi mambo yote yakawa mikononi mwa baba mkwe, na baba mkwe ndiye mtu pekee ambaye sikuruhusiwa kusema naye.

Alikuwa Mnyakyusa aliyehamia kwetu kutoka Tukuyu, mzee wa kanisa, mtu wa sala asubuhi na jioni. Lakini desturi ya kwao ya mkamwana kumkwepa baba wa mume hakuiacha kwenye maji ya ubatizo. Nikimwona njiani niliingia majanini, nikageuza uso na kujifunika kanga. Akiingia uani, mimi natoka. Katika miaka mitatu ya ndoa nilikijua kikohozi chake kuliko sura yake. Simlaumu, alinilisha vizuri na kuniombea kwa sauti, nami nilisikia.

Redio ililetwa na mume wangu alipokuja likizo. Ilikuwa ya bluu, duara kama sufuria, na betri yake ilikuwa kubwa kama tofali. Ilikaa barazani kando ya kiti cha baba mkwe. Kwa hiyo mimi, ambaye mume wangu ndiye aliyeinunua, niliisikilizia jikoni, sikio kwenye ukuta wa mianzi, macho yakitoka machozi kwa moshi. Nilipata nusu ya maneno. Nusu nyingine ilimezwa na jirani yetu Msafwa, mkulima wa pareto, ambaye hakuweza kusikiliza huku amenyamaza.

"Yule binti ana kiburi," baba mkwe alisema jioni moja mchezo ulipokwisha. "Mume hayupo, yeye anataka kuondoka. Mama mkwe atapikiwa na nani?"

"Kwani huyo mama mkwe amekatika mikono?" jirani akauliza.

"Wewe wake za wanao wanakutazama usoni. Ndiyo maana hawakuogopi."

"Wananitazama wajue kama nimeshiba, Mzee. Wako atajuaje?"

Baba mkwe alicheka mpaka akakohoa. Walikuwa wakicheka hivyo kila wiki, na kila wiki walimjadili yule binti kwa bidii: moyo wake, malezi yake, haki yake. Mimi nilikuwa hatua kumi nyuma yao nikikoroga maharage, na hakuna aliyenijadili. Mama mkwe alikuwa amepeleka ombi langu mara moja, kabla ya Kwaresima. Jibu lilikuwa, "Nitafikiri." Tangu hapo, kimya.

Halafu baba mkwe akataka kumwandikia barua mzee wa redioni. Baba mkwe aliamini kabisa kwamba yule mzee wa mchezo alikuwa mtu mwenye nyumba na ng'ombe mahali fulani nje ya Dar es Salaam, na kwamba alihitaji kutiwa moyo na mzee mwenzake. Mimi nilijua kwamba ni watu wanaosoma karatasi, tulielezwa shuleni. Nilimwambia mama mkwe. Akasema, "Andika tu, mwanangu. Afadhali aseme yamtoke." Nyumbani pale mimi peke yangu niliweza kuandika Kiswahili kikasomeka.

Baba mkwe alikaa barazani, mimi jikoni, mama mkwe akasimama mlangoni. Baba mkwe alitamka, nami nilisikia kila neno, lakini desturi ilitaka lipitie kwa mama.

"Mwambie mkamwana wako akae nyumbani."

"Baba anasema, mwambie mkamwana wako akae nyumbani," mama alirudia, nami nilikuwa nimekwisha andika.

"Kusoma kunamwongezea kiburi. Ameandika 'kiburi'?"

"Ameandika 'kiburi'?"

"Nimeandika, mama."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kuandika lolote, na asingejua mpaka siku ya kufa. Niliomba, nikaandika kama alivyosema, mpaka salamu za mwisho. Wengine wataona huo ni uaminifu. Usiku ule mimi sikuona hivyo. Nililia kwa hasira, nikamwuliza Mungu kwa nini aliniruhusu kujua kusoma ili niandike hukumu yangu kwa mwandiko mzuri.

Basi tukangoja jibu. Yeye alingoja mzee wa redioni amtaje hewani na kumshukuru. Mimi nilingoja mchezo uamue, kwa sababu nilikwisha ona kwamba baba mkwe hawezi kuniwazia mimi mpaka amalize kumwaza yule. Lakini mchezo wenyewe haukuwa na haraka. Wiki moja ng'ombe alipotea. Wiki ya pili ng'ombe alitafutwa. Wiki ya tatu alikuja bwana shamba kueleza matuta ya kuzuia mmomonyoko, na binti hakusema hata neno. Nilipiga ukuta kwa mwiko.

Zilipobaki wiki mbili Pasaka ifike, mzee wa mchezo alisema, "Mwite mkamwana aje hapa." Hapo betri ikafa.

Jirani aliizungusha mikononi, akaianika juani, akairudisha. Kimya. Betri mpya ilipatikana Mbeya mjini siku chache baada ya Pasaka, na Jumatano ile tulipofungua redio, yule binti alikuwa tayari yuko chuoni, anasoma barua kutoka kwa mama mkwe wake. Amefikaje huko? Hakuna aliyejua.

"Ametoroka," baba mkwe alisema.

"Mtu aliyetoroka haandikiwi barua na mama mkwe," jirani akajibu.

Bahati, au Mungu, alikuwapo mgeni barazani jioni hiyo, mwinjilisti Mhehe aliyefika kwa mkutano wa kanisa. Naye alikuwa msikilizaji. Kwao Iringa betri haikufa. Nilizima moto nisipotewe na neno.

"Mzee alikubali mwenyewe," mgeni alieleza. "Alimwita mkamwana, akamkalisha mbele yake, akamwambia, mwanangu, nenda ukasome."

Nilishika mianzi kwa mikono miwili.

"Alimkalisha?" baba mkwe akauliza.

"Alimkalisha."

"Mbele yake? Ana kwa ana?"

"Kwenye kigoda, Mzee. Kigoda kililia, tulikisikia."

"Pombe yenu ya ulanzi imewalegeza ninyi watu wa Iringa," baba mkwe alisema. "Mnasikia jambo kama hilo na mnaendelea kula!"

"Na ninyi ndizi zenu za Tukuyu zimewafanya nini, mnawakimbia watoto wenu wenyewe?" mgeni akamrudishia, na jirani akapiga kelele ya furaha.

Wakabishana juu ya kigoda mpaka jua likazama. Je, binti aliinamisha macho? Je, mke wa mzee alikuwepo? Kama alikuwepo, alikaa upande gani? Juu ya safari ya binti, juu ya ruhusa, juu ya elimu, hakuna aliyetia neno. Wiki ya kwanza baada ya Pasaka ilibakiwa na siku tatu, nao walikuwa wanapima kigoda. Sijawahi kuwa karibu hivyo kutoka jikoni na kupiga ukelele.

Mwishoni baba mkwe alitoa uamuzi wake. "Kuruhusu si neno. Kosa ni kumkalisha. Mzee yule ana mke. Angemtuma mke wake aseme."

Mama mkwe alikuwa mlangoni na bakuli la mahindi ya kuchemsha. Mwanamke yule niliishi naye miaka mingi na sikumsikia akimkata mumewe maneno ila mara hiyo.

"Basi nitume mimi," alisema.

Hata jirani alinyamaza, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Nikutume kwa nani?"

"Unamjua."

Alikohoa. Kisha nikasikia kiti kikisogea na hatua zake zikielekea zizini. Kulipopambazuka mama alikuja jikoni, akasema, "Baba amenituma. Nenda."

Nilipata lori siku ya pili. Mvua za masika zilikuwa zimeigeuza barabara kuwa tope, tukanasa mara tatu, tukalala njiani siku tano. Nilifika Iringa nafasi yangu imekwisha pewa msichana Mbena kutoka Njombe. Mwalimu alinihurumia, akanipa kitanda mpaka lori lirudi, akaahidi mwaka ujao. Jumatano nilisikiliza redio ya misheni nikiwa kwenye benchi la mbele, bila moshi, neno kwa neno. Walizungumzia samadi.

Niliporudi, baba mkwe alisikika barazani akimwambia mama: "Muulize yule, kule Iringa wamesikia kama barua yetu ilifika?"

Nilikuwa na tope la safari mbili miguuni. "Mwambie baba sijui," nilijibu kwa sauti iliyofika barazani bila msaada. "Na umwambie mwakani naondoka mapema."

Mwaka uliofuata, Jumatatu kabla ya Pasaka, nilifungua mlango asubuhi nikakuta sanduku langu la bati limefungwa kamba mpya, fundo la wafugaji, limewekwa njiani mahali nisipoweza kulikosa. Yeye alikuwa ameketi mbali, amenipa mgongo.

Nimefundisha watoto wengi tangu hapo, na kwa kila mmoja namshukuru Mungu. Mwaka ule mmoja bado naudai kwake katika sala, kwa adabu.