Picha ya Kunyamazisha Wodi

Fundi Brashi alijipatia jina buchani, alikochora ng'ombe anayecheka mpaka magego yanaonekana. Wateja wakasema ng'ombe aliyekufa kwa furaha nyama yake haiwezi kuwa ngumu. Basi muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi alipochoshwa na kelele za wageni, akamwita.

"Nataka picha tu, Fundi. Wengine hawasomi, na wanaosoma hawasikii."

Akachora uso wa mwanamke, kidole mdomoni. Kesho yake wakapanga foleni mlangoni watu walioshika mashavu, wakidhani ni kwa daktari wa meno. Mzee mmoja alishaachama kabisa, anasubiri koleo.

Fundi akaongeza mtoto mchanga aliyelala. Akina mama wa sokoni wakaelewa kwa namna yao: wakaleta watoto wao walale hapo, wao waende zao kuuza nyanya.

"Fundi," muuguzi akampigia simu, "nina watoto wengi kuliko waliozaliwa."

Fundi akapiga mstari mwekundu juu ya picha nzima. Baba mmoja, aliyekuja kumwona mwanawe wa kwanza, alipouona akajishika kichwa. "Kumbe watoto wamekatazwa? Sasa wangu nimpeleke wapi?" Akaangua kilio, na vichanga vyote wodini vikamwitikia.

Nyumbani Fundi hakula. Mkewe akajitahidi asicheke, akashindwa. "Baba watoto, wewe hata ukinikonyeza mimi hudhani una chokea jichoni. Si ndiyo maana nakuletea kitambaa cha maji moto?"

Fundi alikuwa akijiuliza siku nyingi kuhusu kile kitambaa.

Asubuhi akapaka rangi nyeupe juu ya yote, kisha akamchora mama mkwe wake: mikono kifuani, jicho la pembeni. Hakuongeza kitu. Wodi ikawa kimya mpaka matone ya bomba yakasikika.

Mambo yalikwenda vizuri hadi mama mkwe mwenyewe alipokuja kumwona jirani aliyejifungua. Akasimama mbele ya picha. Fundi, aliyekuwa akisafisha brashi, akatafuta mlango kwa macho.

"Mwanangu, huyu mama ni nani?"

"Ni… mama mmoja tu, Mama."

"Ana uso wa huruma sana. Nichoree na mimi, nimtundike sebuleni."

Akachorewa. Siku hizi Fundi akienda ukweni hula kimya kama maji mtungini, na mama mkwe huwaambia majirani kwamba amepata mkwe mwenye adabu.