Matairi Mapya ya Gari la Alec

Hester Lovell alikuwa mwalimu mstaafu wa muziki katika mji wa Malvern, na mumewe Alec, aliyewahi kushindana kupandisha magari ya michezo milimani, alikuwa anampotea akiwa hai. Kwanza yalimtoka majina ya majirani, kisha ya watoto. Kilichobaki kumng'arisha macho kilikuwa gari lake jekundu lisilo na paa, lililolala gerejini tangu augue. Hester akajitia moyo: nikimpeleka kilimani na lile gari, hata mara moja tu, huenda akanirudia.

Akamwita fundi Idris Pugh, rafiki wa Alec wa tangu ujana. Idris akapiga goti, akabonyeza tairi kwa kidole gumba.

"Shemeji, haya hayaendi popote."

"Mbona hayajawa kipara? Tazama meno yake."

"Meno hata maiti anayo. Mpira umekauka umekuwa ubao. Kona moja tu tairi linapasuka, nawazika wote wawili."

"Basi yabadilishe. Lakini upesi, Idris."

Upesi haukupatikana. Matairi ya kipimo kile cha zamani yalichelewa kufika. Yalipofika, Idris akakuta ncha za spoki zimechomoza ndani ya rimu. Akazipiga tupa moja moja na kuzifunika kwa utepe wa mpira zisije zikatoboa tyubu. Kisha akagundua gurudumu moja limelika katikati, halishiki tena kwenye ekseli. Ikabidi litafutwe jingine.

Hester akamwendea karakanani akiwa amefura.

"Unanilia siku zangu, Idris! Jana Alec kavaa koti langu, akadhani lake. Gari haliulizii tena."

"Nigombeze utakavyo," Idris akasema bila kuinua macho. "Gurudumu likikuchomokea barabarani, hutapata hata nafasi ya kunigombeza."

Hatimaye gari likawa tayari. Idris alikaza nati za katikati ya magurudumu, zile za kizamani zenye masikio ya kugongwa, kwa nyundo ya shaba, akalijaribu barabarani peke yake, akarudi, akazikaza tena. Halikuwa na kasoro.

Alec akatolewa nje, amevaa kofia yake ya sufu. Akaliinamia gurudumu, akalipapasa, akanusa mpira.

"Mapya haya," akasema.

Moyo wa Hester, aliyekuwa ameshaketi kwenye usukani na kuwasha injini, ukaruka. "Mapya, mpenzi. Panda twende kilimani."

Alec akamtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni.

"Samahani, mama, siwezi kuondoka na wewe. Namsubiri Hester. Asije akanikosa."

"Alec, Hester ni mimi."

Alicheka kidogo, kisha hofu ikamwingia. "Hester ni msichana. Usinifanyie mzaha." Akageukia nyumba na kuanza kuliita jina lile, kila mara kwa sauti ya juu zaidi, mpaka Idris akamshika mkono, akamwambia kwamba Hester atachelewa kidogo, na kumrudisha ndani.

Idris aliporudi alimkuta Hester bado ameshika usukani, injini inanguruma.

"Twende sisi hata mpaka kanisani, shemeji. Upate upepo."

"Wa nini?"

Akazima gari, akamkabidhi ufunguo, akaingia ndani. Alec alikuwa angali anaita. Alipomwona akamuuliza yeye ni nani.

Hester akamwambia ni muuguzi. Alec akatulia, akala supu yake.