Ukuta wa Kushoto wa Msikiti

Bibi yangu mzaa mama, jicho lake moja lilikuwa limeshakufa, na la pili daktari alisema nalo linaelekea huko huko. Hakulia. Alisema tu angependa kuuona tena msikiti wa kijijini kwetu, ule uliozolewa na maporomoko ya mlima. Babu ndiye aliyeujenga.

Mimi nachora ramani za nyumba kwa kompyuta hapa Morogoro mjini, basi nikajitia kimbelembele. Niliomba picha za zamani kwa kila familia. Zikashuka kutoka kwetu Mgeta, milimani, na lori la kabichi, ndani ya bahasha: harusi, Maulidi, watoto walipohitimu Kurani. Kompyuta ikipata picha nyingi za jengo moja, huweza kulisimamisha upya kwenye skrini, ukalizunguka utakavyo. Ila watu lazima uwafute.

Niliwafuta maharusi, nikawafuta mashehe, Mungu anisamehe. Aliyenishinda ni Babu. Kila picha yumo, hata ya harusi isiyomhusu: kanzu nyeupe, kifua mbele, mgongo umegandana na ukuta wa kushoto wa mlango. Nilimkasirikia marehemu wa watu. Nikasema fundi huyu alikuwa na maringo, lazima aonekane na kazi yake. Kwa kuwa hakuna picha iliyoonyesha nyuma yake, nilimfuta nikaujaza ukuta kwa kubahatisha, chokaa tupu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu," akajibu kwa utani wake wa siku zote. "Lete huo msikiti."

Aliisogelea skrini mpaka pua ikakaribia kuigusa. Akatazama mlango, akatazama ukuta, akacheka taratibu.

"Hapa umedanganya. Hapa palikuwa na ufa, toka mwaka wa kwanza. Kila babu yako akiuziba, unarudi. Alikuwa anaona haya. Akisikia tu mpiga picha kaja, anaacha jembe shambani, anakimbilia kusimama hapo."

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunaambiwa. Babu aliuziba kwa mgongo wake, miaka yote ile. Nikaionea aibu hasira yangu.

"Basi niuchore huo ufa, Bibi?"

"Aa, mume wangu. Mwenyewe hakutaka uonekane. Mrudishe yeye."

Nikamrudisha pale pale, na kanzu yake na kifua chake. Bibi alimtazama mpaka jicho likachoka kwa machozi. Msikiti hakuuangalia tena.