Mkasi Haukutoka Mkononi Mwangu

La, si uzee ulonitoa kazini. Nnawaona mnavyonitazama. Nliacha nna meno yangu yote, na kazi ya kulinda wanawake jela nkiipenda. Kilichonitoa ni neno la fundi cherehani.

Siku ya kwanza, Mapinduzi hayajatimia mwaka, Sajini wetu wa kike kanikabidhi funguo na mkasi. Sauti yake kama kuku anayetaka kutaga: "Bi Fatu-u, funguo zikipotea utafungwa we-e. Mkasi ukitoka mkononi, utafungwa we-e." Nkacheka. Yeye hakucheka.

Baadae kaja Mkuu wa jela mpya, anasemea puani, mikono nyuma: "Hawa si wa kupigwa, ni wa kufunzwa. Akitoka hapa awe na kazi yake." Sajini kaguna: "Mwizi umfunze nini, kuiba vizuri?"

Mie nkamwamini Mkuu. Zikaletwa cherehani, nkawafunza kushona.

Alikuwako Mize, kaiba kanga za jirani kambani. Mkono anao, wanangu. Pindo lake huoni uzi ulipoanzia. Lakini sharia ya jela, mie nnakata kitambaa, yeye anashona. Akaniomba: "Bi Fatu, na mie nijaribu kukata." Nkamwendea Sajini. "Akikuchoma je-e?" Nkamwendea Mkuu. Kavuta pua: "Tumfunze, Bi Fatu, tumfunze. Ila mkasi ubaki kwako."

Ukabaki kwangu mpaka kifungo chake kikesha.

Mumewe keshamwacha, kwao hawamtaki. Asipopata kazi, kambani atarudi tu. Nkamtafutia fundi Darajani, mzee wa miwani, kakubali kumjaribu. Siku ya kutoka nkampeleka mwenyewe, na yunifomu yangu, natembea kama mama wa bibi harusi.

Fundi katandika kitambaa mezani, kaweka mkasi juu. "Haya binti, nikatie gauni la mtoto, nikuone."

Mize hakuugusa. Kanigeukia mie, ananingoja nikate.

"Kata, mwanangu."

"Nna ruhusa?"

Kaushika kwa mikono miwili. Kitambaa kikenda upogo mpaka mwisho, na yeye anaona, na hawezi kukirudisha.

Siku hizi barazani kwangu mkasi hulala wazi, wajukuu wanakata wakitakacho, mama zao wananigombeza. Nawaacha wagombe.

Fundi kavua miwani. Mize hata hakumtazama. Kanitazama mie, na vifungo vyangu vinavyong'ara.

"Bibi, huyu mmemfunza kufungwa."