Meza Iliyotazama Barabara

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla ya mlinzi. Nilikuwa na diploma ya uuguzi ndani ya Biblia, bluzi mpya, yaani lile koti jeupe la kazi, na kalamu tatu mfukoni ingawa nilihitaji moja. Kituo chetu cha afya kilikuwa Lweba, karibu na ziwa, na vita vilikuwa vimekwisha kuwakimbiza nusu ya wafanyakazi. Ninyi mnaosoma uuguzi na ukunga leo, wenye simu za kumuulizia daktari, nawaonea wivu kidogo. Kidogo tu, maana hamkumpata mkubwa wa kazi niliyempata mimi.

Tulimwita Mama Titulaire. Titulaire ndiye muuguzi mkuu wa kituo. Alikuwa Mbembe, mwenyeji wa hapo, mfupi, mwenye sauti ya chini iliyokulazimu usogee karibu. Alinionyesha chumba cha kuzalishia: meza ya chuma yenye vishikizo vya miguu, sufuria ya kuchemshia makasi, na frigo, yaani friji, ya petroli. Ndani ya frigo mlikuwa na ampuli mbili, vichupa vya sindano, za oksitosini, dawa ya kukaza kizazi ili mama asimwage damu baada ya kujifungua. Mbili tu, na barabara ya Uvira ilikuwa imefungwa.

Kabla ya adhuhuri akaja Mama Furaha na mama mkwe wake. Walikuwa Wafuliiru waliokimbia kutoka milima ya kaskazini, na walikuwa wakilala katika shule ya msingi. Nilimpima, mlango wa kizazi umefunguka sentimita nne, nikatia alama kwenye partogramu, karatasi ya kufuatilia uchungu. Mkwe akanieleza kwamba alipomzaa mtoto wake Furaha, mama huyu alimwaga damu mpaka akazimia. Basi nilijua vizuri kabisa: mama huyu asizalie mahali pengine popote, azalie hapa, karibu na ile frigo.

Nikamwambia apande meza. Akaitazama, akatikisa kichwa, akapiga magoti sakafuni.

"Hapa si kule kwenu mulimani," nikamwambia kwa sauti ya mwalimu. "Hapa bamama banazaa juu ya meza."

Aliinuka, akajifunga kitenge chake, akatoka na mkwe wake. Nami nikaandika kwenye rejista: amekataa huduma. Nikapigia mstari kabisa.

Mama Titulaire alirudi kutoka kwenye chanjo, akasoma, akaifunga rejista polepole.

"Panda ku meza," akasema.

"Mimi, Mama?"

"Weye. Lala, weka magulu fasi yake."

Nikapanda na bluzi yangu mpya, miguu juu ya vishikizo. Katikati ya magoti yangu mawili niliuona mlango, ambao tuliuacha wazi ili mwanga uingie, na ng'ambo ya mlango barabara, na kwenye barabara kizuizi, na kwenye kizuizi wanaume wanne wenye bunduki wamekaa kwenye benchi wakinitazama. Mmoja akanipungia mkono. Nikafunga miguu upesi. Mimi, mwanaume, mwenye suruali na mkanda.

"Sababu gani unafunga?"

"Banaangalia, Mama."

"Banaangaliaka kila siku," akasema. "Na mi napitaka hapa kila siku, sikuonaka. Bamama ya hapa banavumilia tu, banatuogopa. Huyu wa mulimani njo ametuonyesha." Akanishika mkono nishuke. "Weye ulimutoa, weye utamurudisha. Mi natengeneza chumba. Fanya mbio."

Nilikimbia kwa aibu zaidi kuliko kwa miguu. Nilimkuta kule shuleni, katika darasa la tatu, amepiga magoti, ameshika dawati. Mkwe wake alisimama mlangoni, mikono kifuani. Maelezo yote niliyoyapanga njiani yalinitoka kichwani.

"Nilikosea," nikasema. "Nimepanda ile meza mi mwenyewe. Nimeona ile barabara. Munisamehe, turudi. Hatapanda."

"Ulipanda?" mkwe akauliza. "Na magulu juu?"

"Na magulu juu."

"Na balikuona?"

"Mumoja alinipungia mukono."

Yule mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta. Hata Mama Furaha alitabasamu, uchungu ukimbana vile vile. Kisha akaniuliza yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza: "Nitapiga magoti?"

"Utapiga magoti. Na mi nitapiga na weye."

Tulirudi tukisimama kila uchungu ulipokuja. Mama Titulaire alikuwa ameisukuma meza ukutani, ametandika mkeka, na ametundika mlangoni kitenge chake mwenyewe, kile cha kanisani. Mtoto alizaliwa wa kike, mwenye kelele. Halafu damu ikaja, kama ilivyohofiwa. Nikadunga ampuli ya kwanza huku Mama Titulaire akisugua tumbo, na damu haikusikia. Nilitazama frigo, nikasita.

"Leta ya pili," akasema, kama mtu anayeomba chumvi.

Baada ya muda kizazi kikakaza chini ya mkono wake, kigumu kama chungwa bichi, na damu ikasimama. Nilitoka nyuma ya nyumba nikalia, na sioni haya kulisema.

Juma lililofuata alikuja msimamizi kutoka ofisi ya zone ya afya, mtu mnene mwenye mkoba. Akasoma rejista, akakunja uso. "Meza iko, sababu gani munazalisha chini?"

"Kosa ni yangu," Mama Titulaire akajibu kabla sijafungua mdomo. "Mi njo nilipanga chumba mubaya. Lakini panda kwanza, Shefu." Akaondoa kitenge mlangoni.

Msimamizi alipanda akilalamika, akashuka bila kulalamika, na kwenye ripoti yake akaandika kwamba kituo kinahitaji mapazia.

Baadaye nami nilikuwa titulaire, kwanza Swima, kisha Lusenda walipokuja wakimbizi wa Burundi. Kila mfanyakazi mpya nilimpandisha mezani siku ya kwanza na kumuuliza anaona nini. Mmoja aliona ndoo chafu ya sakafu, nikaihamisha. Mama mmoja Mrundi aliyekuja kujifungua, nilipomuuliza vile vile, akasema anaona uso wangu, na kwamba una hasira. Huo sikuweza kuuhamisha, lakini nilijitahidi.

Siku yangu ya mwisho kazini, katika kituo cha mji wa Baraka, wauguzi walikuwa wamekwisha kupanga jambo. "Leo ni zamu yako, Papa Titulaire," wakasema. Nikajaribu kupanda, magoti yakakataa katakata, na chumba kizima kikacheka, nami nikacheka zaidi yao. Mkunga mmoja aliyeanza kazi juma lile hakucheka. Alikwenda kuchukua mkeka, akautandika, akapiga magoti, akaninyooshea mkono.

"Kuja huku chini, Papa," akasema. "Tutapiga magoti pamoja."

Sikuwa nimemsimulia habari ya Mama Furaha. Nilishuka pale mkekani nikijua kwamba sasa naweza kwenda nyumbani.