Mistari ya Marehemu Kwenye Chati

Kompyuta ile ilikuwa nzito, nzito haswa. Mshona mapazia alikuwa akibonyeza kuuza dhahabu, programu ya biashara inaganda, na oda yake inapofika sokoni bei imeshakwenda zake. Ilimkera mno, maana tangu mumewe afariki, biashara hiyo ya mtandaoni ndiyo iliyoshika nyumba. Mapazia siku hizi watu wananunua yaliyoshonwa tayari.

Akamwita shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi kompyuta mwenye mdomo usio na breki.

"Shemeji, hii ni kompyuta au tofali?" fundi akauliza.

"Fanya kazi, maneno baadaye."

Akaifungua, akapuliza vumbi, akaziondoa programu zinazojiwasha zenyewe, akapunguza historia ya bei iliyokuwa ikibebwa bure. Kisha akafika kwenye chati za bei, akanyamaza, na yule bwana kunyamaza si jambo dogo. Chati zilikuwa zimefunguliwa kibao, na kila moja imejaa mistari myekundu.

"Hizi ndizo zinazoielemea. Funga zote, bakiza mbili."

"Hizo usiguse. Ni za kaka yako."

Marehemu alikuwa na mtindo wa kuchora mstari pale alipodhani bei itagota na kurudi. Aliuvuta mbele, kuelekea siku ambazo hazijafika. Akafa, mistari ikabaki, siku zikaifikia. Na bei, hapo ndipo nywele za mjane zilipoanza kusimama, kila ilipogusa mstari iligeuka. Mara ya kwanza akasema ni bahati. Baadaye akaacha kusema lolote. Alikuwa akikaa pale, mkono kwenye kipanya, akihisi kuna mtu ameegemea kiti kwa nyuma kama zamani, na hathubutu kugeuka. Aliogopa kumwona. Aliogopa zaidi kutomwona.

"Basi nikupigie picha zake uzitunze," shemeji akasema.

"Kwenye picha bei haitembei."

Shemeji akakusanya bisibisi zake. "Itaendelea kuwa nzito. Nisilaumiwe."

Alasiri moja dhahabu ikaanza kushuka, ikielekea mstari mnene kuliko yote. Huo marehemu aliuchora siku zake za mwisho, wakati wamemsogezea meza ya kompyuta hadi kitandani. Mjane akaweka oda ya kununua, kubwa kuliko kawaida yake. Hakuweka kikomo cha hasara, ile bei ambayo oda ikiifikia hujifunga yenyewe. Amwekee kikomo mumewe, ana wazimu?

Bei ikafika kwenye mstari. Ikasitasita pale, yeye roho juu, kisha ikapita.

"Irudishe," alinong'ona. "Mume wangu, irudishe basi."

Ikazidi kushuka. Akabonyeza kuifunga oda, programu ikaganda. Akabonyeza tena, na tena, wapi. Ndipo akageuka nyuma kumtafuta, akageuka mwili mzima na mdomo wazi, tayari kumgombeza. Palikuwa na cherehani, vitambaa vya mapazia na ukuta.

Programu ilipozinduka, bei ilikuwa chini huko na mstari umebaki juu peke yake. Hakuwa anajua kitu yule mtu. Angejulia wapi, masikini? Alikuwa mgonjwa, anabahatisha kama wanavyobahatisha wenzake wote, na zile mara nyingine zilitokea tu. Uchungu ukampanda mjane, akalia kwa sauti kile kilio ambacho msibani watu walimsifu kwa kukizuia.

Alipomaliza, akafuta uso kwa kipande cha pazia la mteja, Mungu amsamehe, akaanza kuzifunga chati. Alifunga moja baada ya nyingine bila kuzisoma. Kisha akampigia shemeji.

"Nimezifunga zote."

"Afadhali. Sasa imekuwa nyepesi?"

"Nyepesi."

"Mbona sauti hivyo? Umelia?"

"Kaka yako amekufa."

Shemeji akasema polepole, kama anayeongea na mgonjwa, "Shemeji, mwaka wa pili huu."

"Kwenu ninyi," akasema. "Kwangu ni leo."