Mi Iliyoshuka

Baba alikuwa mlinzi wa nyumba ya meneja katika shamba la mkonge karibu na Mnyuzi, ingawa meneja alikuwa ameshaondoka na hapakuwa na cha kulinda ila popo. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Mashamba ya serikali yalikuwa yanauzwa, mitumba imejaa sokoni Korogwe, nasi tulikuwa tunasubiri kuambiwa mwenye mali mpya ni nani. Tuliishi vyumba vya uani. Katika sebule kubwa ilibaki piano moja, imeegemezwa kwenye ukuta wa mbao, mchwa wameshaanza kula miguu yake.

Mwaka huo homa ilimchukua dada yangu. Tangu tulipomzika, mama hakusema neno. Alipika, alifua, alilima, lakini ukimwambia shikamoo alikutazama tu kama mtu aliyeulizwa njia ya mahali asipopajua. Baba alivumilia weee, mwisho akasema mwenye shamba akifika mama atarudishwa kwao Mashewa, ndugu zake wamtafutie dawa. Niliogopa sana. Nilishaona wanawake waliopelekwa kwao namna hiyo, na sikuona hata mmoja aliyefuatwa.

Nilikimbilia piano kwa sababu ya ule ukimya. Nilikuwa na kijitabu kilichokuja na vile vinanda vidogo vya betri vya sokoni, kimeandikwa Kiingereza nisichokielewa, kina picha za vidole na herufi za kodi, yaani sauti tatu zinazopigwa pamoja. Kwaya ilinifundisha do re mi, basi yaliyobaki niliyapambanua mwenyewe, kwa ukaidi. C ni do, mi na so zikipigwa pamoja. F ni fa, la, do. G ni so, ti, re. Kodi hizo tatu zinabeba nusu ya nyimbo za kanisani, na anayebisha aje nimwonyeshe. Kilichonishinda ni ile m ndogo iliyoifuata C kwenye mstari wa pili. Nilidhani ni alama ya kiwanda.

Pedeli ya kulia ya piano, ile ya kukanyagwa kwa mguu, ilikuwa imekwama chini, hivyo nyuzi zote zilikaa huru. Ukikohoa, piano ilikohoa. Mbuzi akilia nje, ndani alilia mbuzi mwingine, mwembamba, nyuma yake kidogo. Hayo niliyazoea.

Alasiri moja nilipiga C nikaiacha ife yenyewe. Do ikafa, so ikafa, na sauti moja ikabaki. Haikuwa mi niliyoipiga. Ilikuwa chini yake kidogo tu, nami niliifahamu. Dada yangu aliimba sauti ya pili, na mi yake ilishuka siku zote. Mwalimu wa kwaya alimgombeza hadi akachoka: panda, binti, panda. Hakupanda. Sasa yeye yuko kaburini na mi yake iko ndani ya piano, imeshuka vilevile.

Bibi yetu Mzigua alitulea kwa amri moja: ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, usiitike, maana anayeitika huchukuliwa. Nikafunga mfuniko wa piano, nikatoka taratibu. Kesho yake nilipopiga ikaja tena, na kesho kutwa pia, jua likiwa bado linawaka nje. Kila ilipokuja nilifunga mfuniko.

Lakini woga nao huzoeleka, na udadisi wangu haukuwa na adabu. Siku moja kabla ya kufunga niliitafuta sauti ile kwa kidole. Nikaikuta kwenye kitufe cheusi, kushoto kwa mi. Nikafungua kijitabu: kwenye C yenye m ndogo, kidole cha kati kilikuwa juu ya kitufe kilekile. Kumbe m ilikuwa inasema hivyo tu, shusha ya katikati. Do haisogei, so haisogei, na nyumba nzima inaingia msibani.

Kisha gari la mwenye mali mpya likaja, watu wakapima vyumba, na baba akaanza kufunga furushi la mama. Yeye na mama wangeondoka kesho yake asubuhi. Alasiri hiyo nilikuwa na hasira kuliko woga. Nilipiga C kwa nguvu, karibu kwa ngumi, nikasubiri, na ile sauti ikaja. Nikang'oa ubao wa mbele, nikatandaza khanga yangu kwenye nyuzi, nikazikandamiza kwa mikono yote miwili. Piano ikanyamaza kabisa.

Sauti haikunyamaza. Ilikuwa na pumzi. Ilitoka nyuma ya piano, kwenye mbao.

Nilimkumbuka bibi na amri yake. Nikaitika hata hivyo.

"Abee."

Sauti ikakatika. Nikachungulia kwenye ufa wa ukuta, na jicho lilikuwa palepale, linanitazama. Lilikuwa jicho la mama. Kule nyuma ni stoo ya mahindi, naye alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye mbao, mgongoni kwa piano, akiimba sauti ya mwanawe kama mwanawe alivyoiimba. Siku zote hizo alikuwa anaita, na mimi namfungia mfuniko.

Niliondoa khanga, nikakaa, nikapiga C. Kwa mazoea kidole cha kati kikaangukia kitufe cheupe.

"Usiipandishe," mama akasema ng'ambo ya ukuta, sauti inakwaruza kama mlango uliofungwa siku nyingi. "Dada yako huishia hapo."

Nikasogeza kidole kimoja. Baba alikuwa amesimama mlangoni na furushi mkononi. Akaliweka chini.